Wimbo wa Kijapani wa Sitti Zakiya

Tangu utotoni Jael alikuwa mtu wa maswali. Mama yake kule Vihiga alizoea kusema kwamba binti huyu angeweza kumuuliza marehemu ni nini kilichomuua, na labda ndiyo maana hakuna aliyeshangaa alipokwenda kusomea uuguzi. Alifanya kazi Kakamega, akahamia Eldoret, kisha mkataba ukamvusha maji mpaka Jidda, katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Safa, kumwangalia mama aliyepigwa na kiharusi.

Mama huyo aliitwa Zakiya. Nyumba nzima ilimwita Sitti, yaani bibi, na Jael naye akafuata. Aliishi na binti yake, Madam Nawal, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyekuwa na cheo benki, aliyeachika zamani, na aliyependa kuendesha gari kuliko kula. Miaka michache tu nyuma wanawake wa nchi ile hawakuruhusiwa kushika usukani. Sasa Nawal hakumwachia mtu ufunguo, na dereva wao wa zamani alikwisha rudi kwao. Wa tatu alikuwa Lujain, binti wa Nawal, msichana wa sekondari aliyeshinda amejitia vidude vya muziki masikioni, akisikiliza nyimbo za katuni za Kijapani.

Kiharusi kilimlegeza Sitti mkono na mguu wa kulia, lakini uchungu wake mkubwa ulikuwa kunyang'anywa maneno. Alielewa kila alichoambiwa. Akitaka kujibu, lilimtoka neno moja tu: mafi, hakuna. Unataka chai, Sitti? Mafi. Basi maji? Mafi. Alisema mafi hata pale mkono wake wa kushoto ulipokwisha kukishika kikombe, kisha akajisikia alivyojibu, akalia kwa hasira.

Lakini aliimba.

Jael aliugundua wimbo wiki ya kwanza, asubuhi, alipokuwa akimwogesha. Sitti alifumba macho maji ya vuguvugu yalipomgusa mabegani, akaanza kuimba taratibu, maneno mengi mfululizo bila kukwama hata mahali pamoja: "Kassa motti kitanoni, anata niwa, anata no kassa." Jael alidhani ni Kiarabu cha watu wa kale. Alipomuuliza Madam Nawal, Nawal akatikisa kichwa.

"Si Kiarabu. Si kitu. Daktari anasema ubongo umeumia, unatoa makelele tu."

"Lakini madam, ni makelele yale yale kila siku. Neno la kwanza linarudi mwishoni."

Nawal akamtazama kwa uchovu. "Kaka yangu alimleta shehe amsomee, akidhani ni jini. Shehe akasikiliza, akasema, hapa hapana jini, huu ni wimbo, msimsumbue mama. Nikaona basi, halas. Na wewe usijisumbue."

Kumwambia Jael asijisumbue ni kuyaambia maji yasiteremke. Alimwimbia mpishi Mfilipino wimbo ule kadiri alivyoukumbuka. Mpishi akasema si lugha ya kwao. Alimwimbia fundi wa viyoyozi kutoka Indonesia, aliyesikiliza kwa adabu akiwa juu ya ngazi, naye akasema si ya kwao. Hatimaye, adhuhuri moja, chaji ya vidude vya Lujain ilipokwisha, msichana akapita mlangoni masikio yakiwa wazi kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Jael! Sitti anasema Kijapani!"

"Una hakika?"

"Anata ni wewe. Kasa ni mwavuli. Nimeyasikia kwenye katuni mara elfu." Alimpigia magoti bibi yake, akamsogezea simu mdomoni ili ile programu ya kutambua nyimbo imsikilize. Simu ikafikiri, ikafikiri, ikasema haijui. Lujain alikuwa karibu kulia kwa furaha. "Sitti wangu anajua Kijapani, na mimi sikujua!"

Usiku ule Jael aliandika kwenye kundi la simu la Wakenya walioko Saudia: kuna mtu anayejua Kijapani? Omondi wa Dammam akajibu kwamba yeye anajua karate, ikiwa inasaidia. Watu wakacheka, mzaha ukawa mrefu, mpaka Truphena, muuguzi mwenzake wa zamani, akaandika: "Kuna Hezron, yuko Riyadh. Alikuwa guide wa Wajapani huko Mara. Nakutumia namba."

Hezron alikuwa mtu wa Kitale. Alijifunza Kijapani Nairobi, akawatembeza Wajapani mbugani miaka mingi, akiwaonyesha simba na kuwaeleza tabia za fisi kwa lugha yao wenyewe. Korona ilipofunga viwanja vya ndege, kazi ikafa. Sasa alikuwa Riyadh na kampuni ya kuandaa maonyesho, kwa kuwa siku hizo Riyadh ilikuwa imefunguka: matamasha, sinema, wanamuziki kutoka kila pembe, na vijana wa Kisaudi waliopenda mambo ya Kijapani kama Lujain walikuwa wengi kuliko mtu angedhani. Wajapani walipoalikwa, Hezron ndiye aliyewapokea na kuwafasiria kwa Kiingereza. Alikaa Al-Murabba, chumba kimoja na wenzake.

Jael akamtumia sauti ya Sitti. Kesho yake, saa ile ya baada ya chakula ambapo nyumba nzima hulala, jibu likaja kwa sauti, tulivu, yenye kicheko kilichojificha nyuma.

"Sasa, sister Jael. Aki huyu shosho ameniua. Ni Kijapani, ndiyo, lakini ni kama cha mtu aliyekisikia kupitia ukuta. Nimekinyoosha kidogo. Anasema hivi: Mvua imeanza. Nimesimama nje ya stesheni nikikungoja. Nimekuletea mwavuli, kumbe wewe una mwavuli wako. Unaufungua, unaenda zako. Narudi nyumbani nimelowa, mwavuli wangu sijaufungua."

Jael alisikiliza mara mbili, kisha akauliza lile lililokuwa la kwanza kumjia. "Kwa nini asiufungue? Mvua inanyesha, mwavuli anao."

"Ndiyo hapo sasa," Hezron akajibu. "Hilo ni swali la kuwauliza Wajapani wote."

Akamweleza kwamba nyimbo za namna hiyo ziko tele kule, za zamani na za leo. Wana neno zima kwa ajili yake: kataomoi. Kata ni kimoja cha jozi, kama kiatu kisicho na mwenzake. Omoi ni mawazo ya moyoni. Kupenda kwa kiatu kimoja. Jael akajaribu kutafuta neno la Kiswahili lililo sawasawa, akapata maneno mengi kuzunguka kitu hicho, kupenda usipopendwa, mapenzi ya upande mmoja, lakini neno moja la kukifunga lote hakulipata. Akaendelea kulitafuta jikoni, bafuni, akimfanyisha Sitti mazoezi ya mguu.

Alipomfasiria Madam Nawal wimbo, Nawal alikuwa amesimama akivaa abaya aende kazini. Akakaa.

"Wimbo wa mapenzi?"

"Ya mtu asiyependwa, madam."

"Kwa Kijapani." Nawal alitazama mlango wa chumba cha mama yake. Akakumbuka, kwa sauti, kwamba alipokuwa mtoto palikuwa na Wajapani Jidda, wahandisi waliokuja kufunga mitambo ya kutoa chumvi katika maji ya bahari. Jael akaona jinsi wazo lilivyoingia na kuketi usoni mwake. "Jael, jambo hili lisitoke humu ndani. Mama yangu ni mtu wa heshima. Baba yangu amekufa juzi juzi tu, Mungu amrehemu."

"Sawa, madam."

Nawal alifika mlangoni, akarudi. "Lakini ukijua ni nani, uniambie."

Basi kazi za Jael zikawa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya uuguzi. Alikumbuka mzee mmoja wa Kakamega, aliyepigwa na kiharusi hata asiweze kulitamka jina la mkewe, lakini Jumapili kwaya ya hospitali ilipopita aliimba tenzi za kanisani kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtaalamu wa matamshi aliwaeleza wauguzi wakati ule kwamba maneno yanayoimbwa hupita njia nyingine kichwani, na njia ikiziba upande huu unaweza kupitisha mizigo upande ule. Jael akampigia daktari wa Sitti, akaruhusiwa kujaribu. Akaketi mbele ya Sitti, akamshika mkono wa kushoto, akawa anaupigapiga polepole kwa mapigo ya wimbo wake, na pale palipokuwa na anata no kassa akaweka maneno ya nyumbani: abgha moya, nataka maji. Sitti akamkazia macho. Siku kadhaa alisema mafi. Kisha asubuhi moja, kwa sauti ya wimbo wa mwavuli, kwa mshangao wake mwenyewe, akaimba: abgha moya. Jael akakimbia kuleta maji kama mtu aliyeitwa na malkia, na Sitti akayanywa yote, ingawa pengine hakuwa na kiu.

Kazi ya pili ilikuwa ya udadisi. Ijumaa yake ya mapumziko alimshawishi Lujain wakaione nyumba ya zamani ya familia kule Balad, mji wa kale wa Jidda, ambako marehemu babu yake Lujain alikuwa na duka la redio na saa. Nyumba ilikuwa bado imesimama, ya mawe ya matumbawe, ikiwa imezungushiwa vyuma na mafundi wa serikali waliokuwa wakizitengeneza nyumba za kale kwa ajili ya wageni. Duka lilikuwa chini, limefungwa kwa mbao. Juu yake hasa palichomoza dirisha kubwa la mbao za nakshi, la kukalia wanawake waone bila kuonekana. Jael alisimama mlangoni pa duka, akatazama juu. Akamwambia Lujain aite neno lolote, yeye akapanda ngazi mpaka mafundi walipomzuia. Sauti ya msichana ilimfikia waziwazi, kama iliyo chumbani.

Alimtumia Hezron habari hizo akiwa bado amekaa kizingitini. "Mimi sidhani palikuwa na Mjapani. Nadhani wimbo ulipanda ngazi kutoka dukani."

"Wewe ungekuwa polisi," Hezron akasema. "Ama mwizi."

Walikuwa wameshazoeana kwa kiasi hicho. Hezron aliutafuta wimbo wa Sitti kila mahali, akawauliza hata Wajapani wazee, asimpate mwimbaji wake. Lakini kila alipopata mwingine wa namna ile alimtumia Jael pamoja na maana. Kulikuwa na msichana anayekaa nyuma ya kijana darasani, anayekijua kisogo chake kuliko uso. Kulikuwa na mwanamume anayepiga simu, akisikia "halo" anakata, analala ameridhika. Kulikuwa na mwanamke anayechagua gauni la kwenda nalo kwenye harusi ya mtu anayempenda, asitake lipendeze mno. Jael aliyasikiliza yote, akauliza.

"Hezron, mbona hakuna hata mmoja anayebisha hodi? Kwetu mtu akikataliwa anaimba mpaka majirani wajue. Anakutaja. Anamtaja na huyo uliyemwendea. Mombasa wangemtungia taarabu ahame mtaa."

"Kwao kusema ni kumpa mwenzako mzigo. Sasa unaubeba mwenyewe, unauremba, unauimba."

"Na wewe unaonaje? Ni adabu ama ni woga?"

"Sister, mimi ni guide," Hezron akasema. "Naonyesha tu."

Jibu hilo Jael alilibeba siku nyingi. Akaona pia jambo jingine, na kwa vile hakuzoea kujificha maswali, hakulificha na hilo. Aliona kwamba anaweka akiba maswali ya kumuuliza Hezron. Kitu kikimshangaza asubuhi, alikifunga kando kama kipande cha keki, mpaka saa ile ya baada ya chakula. Akiona simu haina sauti mpya, alasiri ilikuwa ndefu. Picha yake hakuwahi kuiona vizuri. Kwenye simu palikuwa na twiga tu. "Ala," alijisemea siku moja akikunja mashuka ya Sitti. "Kumbe na mimi niko nje ya stesheni."

Hakuhuzunika. Alijichunguza kama anavyochunguza joto la mgonjwa: limeanza lini, linapanda saa ngapi. Mambo hayo alikuwa ameyasoma kwa wiki nyingi katika lugha asiyoijua, na sasa yalikuwa yakimtokea kwa Kiswahili.

Majira ya baridi Madam Nawal alipata miadi kwa bingwa wa matamshi Riyadh. Lujain aliposikia kwamba siku zile zile pana maonyesho makubwa ya katuni za Kijapani, alibembeleza mpaka akakubaliwa. Nawal akasema hapandi ndege, wataendesha. Wakaondoka alfajiri, Sitti mbele na mto mgongoni, Jael na Lujain nyuma, jangwa likifunguka pande zote mbili kama mkeka usiokwisha.

Bingwa alifurahishwa na Sitti, akamwambia Jael aendelee vivyo hivyo. Alasiri ya pili wakakutana na Hezron, ili awape tiketi na ili, kama Nawal alivyosema kwa sauti ya chini, mambo yajulikane. Walikutana katika bustani ya Al-Murabba, mahali familia hutandika mazulia kwenye majani na kumimina kahawa kutoka kwenye chupa. Jael alikuwa amemtengeneza kichwani mtu mrefu. Akaja mtu mfupi, mnene kidogo, mwenye miwani, akainama mbele ya Sitti kwa mazoea ya Kijapani, mikono mapajani. Sitti akamtazama, akainamisha kichwa naye.

"Hezron," Jael alisema.

"Jael," alisema Hezron, kwa ile sauti, na Jael akalazimika kujishughulisha na vikombe.

Nawal akamwomba aimbe. Hezron akasafisha koo, akauimba wimbo ule kwa sauti ya chini, kila neno likiwa limenyooka. Sitti alisikiliza mstari wa kwanza. Katika wa pili akapiga zulia kwa kiganja.

"Mafi!"

"Nimekosea?" Hezron akamuuliza Jael kwa Kiswahili.

Sitti akauanza upya mwenyewe, kwa njia yake, kassa motti kitanoni, akimwonyesha kidole asikilize. Kumbe kwake ule ulionyooka ndio uliopotoka. Hezron hakubishana. Alimfuata neno kwa neno, makosa kwa makosa, kama mwanafunzi, mpaka Sitti akaridhika.

Ndipo Nawal akasogea. "Mama," Nawal akasema kwa Kiarabu, "nani alikufundisha?"

Jael akaushika mkono wa kushoto wa Sitti, akaanza kuupigapiga. Sitti akavuta pumzi. Maneno yakaja kwa sauti ya wimbo, moja, kisha kimya, kisha jingine.

"Redio."

"Redio gani?"

"Ya baba yako. Kanda. Ndani ya sanduku."

"Kanda ya kujaribia redio dukani?" Nawal akadakia. Sitti akatikisa kichwa kukubali. "Ilikuja na mzigo kutoka Japani?" Akakubali tena, akaendelea kuimba: "Kutwa. Anaicheza. Mimi juu, dirishani."

Jael hakujizuia, akamgusa Lujain goti. Wimbo ulipanda ngazi.

"Nilikuwa mdogo," Sitti akaimba. "Bibi harusi. Nilimpenda."

"Nani, Mama?" Nawal akauliza. "Ulimpenda nani?"

"Baba yako!" Sitti alimtazama binti yake kama mtu aliyeuliza jua linatoka wapi.

Nawal alitoa pumzi ndefu hata shela ikatikisika. Kisha, taratibu, akaona kwamba habari haijaisha. "Na yeye?"

Sitti akafikiri. Mkono wake ukatulia ndani ya mkono wa Jael, kisha ukapiga wenyewe mapigo mawili.

"Yeye alipenda redio."

Nawal akacheka. Alicheka akiwa ameziba mdomo, akacheka mpaka akafuta macho, na ilipofika kwenye macho haikujulikana tena ni kicheko au ni nini. Alimfahamu baba yake. Alimkumbuka mezani, bisibisi mkononi, sikio limelazwa juu ya kisanduku, watoto wakimsemesha na yeye akiwainulia kidole wangoje. Hakuwahi kujiuliza mama alikuwa akisubiri nini katika kungoja huko.

Vipande vilivyobaki vilitoka kimoja kimoja. Zakiya mdogo aliona kwamba mumewe hulegea uso kanda ile inapocheza. Akajifunza wimbo wote kwa kusikia kutoka juu, ili jioni mume anapopanda ngazi auimbe dirishani, ageuke amtazame yeye.

"Akageuka?" Lujain akauliza.

"Akageuka. Akasema, punguza sauti."

Hezron, ambaye Kiarabu chake hakikutosha na aliyekuwa akifasiriwa na Jael kwa kunong'onezwa, akaweka mkono kifuani. "Muulize kama alijua maana ya maneno."

Jael akauliza. Sitti akashangaa, kana kwamba haikumpitikia kwamba yana maana. "Nilidhani," akaimba, "ni wimbo wa kuuzia redio."

Lujain ndiye aliyemfasiria bibi yake mvua, stesheni na mwavuli, akimshika kidevu. Sitti alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliomba arudiwe pale pa mwavuli usiofunguliwa, akarudiwa, akatikisa kichwa pole pole kama mtu aliyeletewa salamu zilizochelewa njiani.

Jael na Hezron wakaenda kununua kahawa nyingine kwenye kibanda cha bustani. Njia ilikuwa fupi, na Jael alijua kwamba hatapata nafasi nyingine. Aliwakumbuka wale wote wa kwenye nyimbo, wa kisogo, wa simu, wa gauni. Akaona kwamba hatalala vizuri asipojua.

"Hezron, nikuulize kitu. Una mtu?"

Hezron akasimama. Alielewa mara moja. Kazi yake ilikuwa kuelewa watu. "Niko na Susan. Kitale. Nimeshapeleka barua kwao, harusi ni Aprili." Akavua miwani. "Jael, pole. Kama nilikufanya ufikirie..."

"Hukunifanya. Niliuliza, umejibu." Sauti yake ilitoka sawa, jambo lililomshangaza. "Mbona hukuwahi kumtaja?"

"Hukuuliza."

Ilikuwa kweli. Miezi yote ile ya maswali, hilo peke yake hakuliuliza, na sasa alijua kwa nini watu wa kwenye nyimbo hawabishi hodi. Kabla ya kubisha, nyumba inaweza kuwa na mtu yeyote ndani. Kifua chake kilikuwa kizito, kizito cha kweli, mahali fulani chini ya mfupa. Akashangaa kwamba mahali penyewe panaonyesheka kwa kidole. Akabeba vikombe vitatu, Hezron viwili, wakarudi kwenye zulia, na Jael akamwomba asimtumie nyimbo kwa muda. Hezron akakubali, akainama kidogo, kwa mazoea.

Jioni ile Lujain alirudi kutoka kwenye maonyesho akiwa hana sauti kwa kuimba. Kesho yake wakaondoka. Walipofika milima ya Taif, barabara ya Al-Hada ikaanza kuteremka kwa mizunguko, manyani wamekaa ukingoni kama wenye nyumba. Nawal, aliyekuwa na mengi kichwani, akageuka kumtazama mmoja aliyembeba mtoto.

"Nawal, tazama mbele!"

Gari liliyumba kidogo, likasimama pembeni. Maneno yale hayakuimbwa. Yalikuwa makavu, makali, ya mama yeyote kwa binti yeyote. "Mama, umesema nini?" Nawal akauliza. Sitti akajaribu kuyarudia, akajaribu tena, likamtoka mafi, na wote wanne wakaangua kicheko, Sitti wa kwanza. Nawal aliendesha njia iliyobaki polepole, akachukua ile barabara ya kuzunguka Makka kwa kuwa Jael ni Mkristo, bila kusema lolote kuhusu urefu wake.

Tangu siku hiyo maneno yalirudi, si yote, na si kwa mpangilio. Kufikia Ramadhani Sitti aliweza kuagiza uji wake na kumgombeza mpishi. Aprili picha za harusi ya Hezron zikapita kwenye kundi la simu. Jael alizikuza kwa vidole, akamtazama Susan kwa muda, meno yake, namna alivyoshika maua, akitaka kujua ni mtu wa namna gani. Alionekana mtu mwema. Jael akaandika hongera, akamaanisha kiasi kikubwa cha alichoandika. Wiki chache baadaye akamwandikia Hezron kumuuliza kama Wajapani wana nyimbo za watu waliopona. Akajibu kwamba atatafuta.

Alasiri moja ya joto, Nawal akiwa kazini, Jael alimpelekea Sitti chai. Kulikuwa na swali lililombakia tangu bustanini, na hakuna mwingine nyumbani ambaye angethubutu kuliuliza.

"Sitti, na baadaye? Miaka yote ile. Baba Nawal alikuja kukupenda?"

Sitti hakuimba. Alitafuta neno kwa muda mrefu, midomo ikijaribu moja na kuliacha, ikijaribu jingine. Jael hakumsaidia.

"Alinizoea," akasema.

"Na ilitosha?"

"Kuna siku ilitosha." Akaonja chai, akakunja uso, akamrudishia Jael kikombe. "Sukari."

"Daktari amekataza, Sitti."

"Yalla," Sitti akasema. "Kidogo."